Sanduku la Raga: Jedwali, Propu wa Akiba na Matope ya Januari

Wanaraga wa Nairobi wanaofuatilia madaraja ya chini ya Uingereza wamekuwa wengi kuliko tulivyodhani. Wapo wenye ndugu anayesoma huko na kucheza Jumamosi, na wapo waliochoka kutazama Premiership, ligi kuu ya raga ya huko, peke yake. Mwezi huu tumechagua barua zinazohusu msimu wenyewe: unavyoendeshwa, unapokwama, na kwa nini timu iliyotamba Septemba huwa hoi ifikapo Februari. Barua tumezifupisha.

Mpwa wangu anasoma Leicester na ananiambia timu yake iko Counties 1. Nilipomuuliza ni daraja la ngapi alicheka tu. Hapa kwetu tuna Kenya Cup, Championship na Nationwide, basi. Huko ziko ngapi, na je, timu yake inaweza kufika Premiership? — Mjomba, Donholm

Mjomba, mpwa wako yuko daraja la saba, na chini yake bado kuna watu. Juu kabisa ni Premiership. La pili ni Championship, ambayo tangu msimu wa 2025/26 inaitwa Champ Rugby na ina klabu 14. La tatu ni National 1, ligi moja ya timu 14 kwa nchi nzima. La nne ni National 2, ambayo imegawanywa Kaskazini, Mashariki na Magharibi, kila kundi timu 14. Kuanzia la tano ngazi inatanuka: Regional 1, kisha Regional 2, halafu Counties 1, 2, 3 na kuendelea, kila eneo na ligi zake.

Ngazi hii si ya zamani kama watu wanavyofikiri. Chama cha Uingereza, RFU, kiliundwa 1871, lakini ligi rasmi zilianza 1987. Miaka yote ya katikati klabu zilipangiana mechi za kirafiki na kila mmoja akajiita mkubwa.

Muundo wa sasa ulianza 2022, na sababu yake kubwa ilikuwa basi la timu. Kabla ya hapo National 1 ilikuwa na timu 16, yaani mechi 30 kwa msimu. Zikapunguzwa hadi 14, mechi zikawa 26. Hata hivyo safari hazikuisha. Plymouth Albion walipokuwa ligi moja na Darlington Mowden Park, safari ya upande mmoja ilikaribia kilomita 600. Chukua Nairobi hadi Mombasa, uongeze kilomita mia moja na zaidi, kisha ushuke kwenye basi ucheze dakika 80, na Jumatatu asubuhi uwe kazini. Wengi wao ni mafundi, walimu na makarani. Katika National 2 Mashariki kuna Guernsey Raiders, ambao wako kisiwani, kwa hiyo mgeni wao hupanda ndege, na ukungu ukitanda mipango yote ya siku huvurugika.

Kuhusu kufika Premiership: kutoka daraja la saba ni kupanda mara sita. Kwa karatasi inawezekana. Exeter Chiefs walipanda kutoka daraja la pili mwaka 2010, wakatwaa ubingwa wa Uingereza 2017 na tena 2020. Lakini mlango wa juu una bawabu. Ealing Trailfinders walimaliza kileleni mwa Championship msimu wa 2021/22 na wakanyimwa nafasi kwa sababu uwanja wao haukufikia watu 10,001. Huko chini, kwa mpwa wako, hakuna bawabu wa aina hiyo. Bingwa hupanda na wa mkiani hushuka. Mchujo wa mwisho wa msimu kama ule wa Kenya Cup, ambapo aliyeongoza jedwali miezi yote anaweza kupoteza kombe kwa mechi moja, kwao si desturi ya kumpata bingwa wa ligi. Anayeongoza jedwali Aprili ndiye bingwa.

Nimetazama jedwali la Regional 2 nikaona timu iliyoshinda mechi 14 iko juu ya iliyoshinda 16. Zote zimecheza mechi 22. Nafundisha hesabu na hii imenishinda. — Mwalimu, Kasarani

Hesabu ni sahihi, Mwalimu, ila kuna safu mbili za jedwali ambazo watu huziruka. Ushindi ni pointi 4 na sare ni 2. Juu ya hapo kuna pointi 1 ya ziada kwa timu iliyofunga trai (kuugusisha mpira chini nyuma ya mstari wa wapinzani) nne au zaidi, hata kama imeshindwa, na pointi 1 kwa timu iliyoshindwa kwa tofauti ya pointi 7 au chini yake. Ndiyo kusema mshindi anaweza kuondoka na 5, na aliyeshindwa na 2.

Tuseme timu A imeshinda 16 na kushindwa 6. Ushindi unampa 64. Amepata ziada ya trai mara 8 na ziada ya kushindwa kwa karibu mara 1. Jumla 73. Timu B imeshinda 14, sare 2, imeshindwa 6. Hiyo ni 56 na 4, yaani 60. Lakini imefunga trai nne mara 13, na katika vipigo 6 vinne vilikuwa vya karibu. Jumla 77. B yuko juu, na kwa haki, kwa sababu hakuna Jumamosi aliyokubali kurudi mikono mitupu.

Ukishajua hili utatazama dakika za mwisho kwa jicho jingine. Timu iko nyuma 24–15, zimebaki dakika mbili, inapata penalti mbele ya milingoti. Nahodha anaelekeza kidole kwenye milingoti na mashabiki wanapiga kelele wakitaka trai. Nahodha yuko sawa: pointi tatu za mkwaju zinapunguza tofauti kutoka 9 hadi 6, na tayari amejinyakulia pointi moja ya jedwali. Upande wa pili, anayeongoza akiwa na trai tatu ataacha mkwaju rahisi na kupiga mpira nje kwenye kona, atafute trai ya nne kwa mol, yaani kundi lililosimama likimsukuma mbele mbeba mpira.

Timu mbili zikilingana pointi, huangaliwa kwanza nani ameshinda mechi nyingi, kisha tofauti ya pointi za kufunga na kufungwa. Na timu ikishindwa kufika uwanjani, mpinzani huandikiwa pointi 5 bila kutoka jasho, nayo iliyokosa huweza kukatwa zake. Madaraja ya chini hili huamua ubingwa mara nyingi kuliko watu wanavyokiri.

Mechi zinaonyeshwa mtandaoni lakini kila mara nachelewa au nawahi. Saa ngapi hasa? — Msomaji, Kawangware

Mechi nyingi huanza Jumamosi saa tisa alasiri kwa saa ya Uingereza. Kuanzia Septemba hadi Jumapili ya mwisho ya Oktoba hiyo ni saa kumi na moja jioni Nairobi. Jumapili hiyo Waingereza hurudisha saa zao nyuma, hivyo saa tisa yao inakuwa saa kumi na mbili yetu, hadi Jumapili ya mwisho ya Machi wanapozisogeza mbele tena.

Kuna mtego. Katikati ya Desemba jua la London huzama kabla ya saa kumi alasiri, na viwanja vingi vya chini havina taa za kuchezea mechi. Kwa hiyo katika miezi ya giza klabu nyingi husogeza mwanzo hadi saa nane au saa nane na nusu. Ukifanya hesabu unarudi pale pale, saa kumi na moja au na nusu jioni. Angalia ukurasa wa klabu ya nyumbani Ijumaa, kisha angalia tena Jumamosi asubuhi. Uwanja ukiwa umeganda kwa baridi refa hukataa, na ukaguzi hufanyika siku hiyo hiyo, wakati mwingine mgeni akiwa tayari yuko barabarani. Mechi iliyoahirishwa huhamishiwa wikendi ya akiba, na timu yenye mechi tatu zilizoahirishwa hujikuta Machi na Aprili haina hata Jumamosi moja ya kupumua.

Nilitazama mechi ya daraja la sita. Kipindi cha pili skramu zote zilikuwa za kuegemeana tu, hakuna kusukumana. Upande mmoja ulikuwa na watu 14 na sikuona kadi nyekundu. Refa alichoka? — Shabiki, Ruaraka

Refa hakuchoka, propu ndio waliisha.

Skramu ni watu wanane kila upande wanaofungamana na kusukumana kuupigania mpira. Safu yake ya mbele ina watu watatu: propu wa kushoto jezi 1, huka jezi 2, propu wa kulia jezi 3. Mtu haingizwi hapo kwa sababu ni mnene. Propu wa kushoto ana bega moja lililobanwa na upande mmoja wa nje uko huru. Propu wa kulia kichwa chake kinaingia kati ya huka na propu wa wapinzani, mabega yote mawili yamebanwa, na uzito wa watu wanane unapita shingoni mwake. Ndiyo maana hata kati ya propu wenyewe, anayecheza upande mmoja vizuri hawezi upande mwingine bila mazoezi. Asiyefundishwa akiingizwa pale na skramu ikaanguka, kinachovunjika ni uti wa shingo. Sheria haina mzaha na hilo.

Kanuni inafunga idadi. Kikosi cha siku kikiwa na watu 15 au pungufu, lazima watatu wawe wamefundishwa safu ya mbele. Kikiwa na 16 hadi 18, wanne. Kikiwa na 19 hadi 22, watano. Kikiwa na 23, sita. Timu ya daraja la chini ikisafiri na 18 ina mtu mmoja tu wa akiba wa safu hiyo. Propu wa kwanza akiteguka kiwiko dakika ya 20, huyo mmoja anaingia. Huka akigongwa kichwa dakika ya 45, hakuna tena. Refa anaagiza skramu zisizosukumwa: watu wanane kila upande kama kawaida, mpira unaingizwa, aliyeuingiza anaupata, mchezo unaendelea. Na pale mwandalizi wa mashindano alipoamua hivyo, mchezaji ambaye kutoka kwake kumesababisha skramu zisisukumwe haruhusiwi kupata mbadala. Ndiyo hao 14 uliowaona. Bila adhabu hiyo, timu inayosagwa kwenye skramu ingekuwa na propu anayeshika goti kila ikielemewa, na zamani zilikuwepo.

Sasa zidisha hilo kwa msimu mzima. Klabu yenye timu mbili inahitaji watu wanne wa safu ya mbele kwa timu ya kwanza na watatu kwa ya pili, jumla saba kila Jumamosi. Ongeza majeruhi wawili na mmoja aliye zamu kazini. Ni kumi, na bado hujapata anayeoa Oktoba. Wasomaji hutuuliza kila mara nani ana mabeki wenye kasi. Sisi kabla ya kutabiri lolote tungetaka kuhesabu propu. Timu yenye mawinga watamu na propu wanne tu klabuni itaongoza jedwali mpaka katikati ya Novemba, mvua ikishika, mpira ukiteleza na skramu zikiongezeka, halafu itaanza kuporomoka.

Klabu zenye akili hutafuta suluhisho Julai. Huchukuliwa flanka, mchezaji wa pembeni mwa skramu, mwenye shingo imara na mgongo ulionyooka, akafundishwa uhuka kwa hatua: kwanza peke yake kwenye mashine ya skramu, akijifunza mgongo uwe sambamba na ardhi na miguu iwe nyuma ya makalio, kisha mmoja kwa mmoja na mwenzake bila nguvu, kisha watatu kwa watatu, kisha watano, mwisho wanane. Wiki sita hadi nane ni kiasi cha chini. Anayefundishwa Alhamisi ili acheze Jumamosi si huka, ni hatari iliyovaa jezi.

Kocha wa vijana hapa. Nasikia Waingereza wameshusha urefu wa kumkaba mtu. Wameshusha hadi wapi, na kuna ubaya nikifundisha hivyo hivyo? — Kocha, Umoja

Hadi chembe cha moyo, Kocha, pale mbavu zinapokutana chini ya kifua. Kuanzia Julai 2023, kwa wanaume kuanzia National 1 kwenda chini, mkabaji anayegusa kwanza juu ya hapo anatoa penalti. Juu ya mabega kadi bado zinangoja kama zamani. Mwanzoni, Januari mwaka huo, RFU walitangaza kiunoni, wachezaji wakaja juu, na chama kikarudi nyuma. Premiership na daraja la pili hawakuguswa, na ndiyo sababu unachokiona kwenye televisheni hakifanani na unachokiona kwenye mechi za mpwa wa Mjomba hapo juu.

Kufundisha chini si vibaya hata kidogo, mradi ufundishe vizuri. Kosa la kwanza ni kuinama kwa kiuno badala ya kukunja magoti. Anayeinama kiuno macho yake yanatazama nyasi, kichwa kinatangulia, na kinakutana na goti au nyonga. Kosa la pili ni kichwa kukaa upande usiofaa, mbele ya mwili wa mbeba mpira badala ya nyuma yake. La tatu hutokea wakabaji wanapokuwa wawili: wote wanashuka kwenye urefu mmoja na vichwa vinagongana. Waambie mapema nani anachukua mapaja na nani anakuja kwenye mpira, na huyo wa pili achelewe nusu hatua.

Anza nao wakiwa wamepiga magoti, umbali wa mita moja, mbeba mpira akitembea. Shavu ligande kwenye kalio lake, mikono ifunge nyuma ya mapaja, bega ndilo linalogonga. Kisha wasimame, mbeba mpira atembee. Kisha mwendo wa nusu. Usifike mwendo kamili siku ya kwanza, hata wakikuomba. Mguu wa mbele utue karibu na mguu wa mbeba mpira. Mguu ukibaki mbali, mikono inarefuka, bega halifiki, na mbeba mpira anachopoka.

Na jambo ambalo hapa kwetu bado linafanyiwa mzaha: huko chini hakuna daktari wa kumpima mchezaji dakika kumi na mbili na kumrudisha uwanjani. Anayeshukiwa kupata mtikisiko wa ubongo anatoka na harudi siku hiyo. Kurudi kwenye mechi si chini ya siku 21. Hizo ni Jumamosi mbili anazokosa kwa uhakika, mara nyingi tatu. Rudi kwenye hesabu ya propu uone inavyouma.

Nachezea klabu hapa Nairobi na Septemba naenda kusoma Leeds. Naweza kuingia klabu ya huko moja kwa moja? — Dada, South B

Hongera Dada. Unaweza, lakini karatasi zianzie hapa.

Kwanza, mchezaji anayehama chama anahitaji kibali kutoka chama anachotoka. Kwako ni Kenya Rugby Union, nayo itauliza klabu yako kama una adhabu ambayo hujaimaliza. Malizana nao Julai, ofisi zikiwa wazi na viongozi wakiwa mjini. Klabu ya Uingereza ndiyo itakayokusajili kwenye mfumo wa RFU. Kabla usajili haujakamilika unaweza kufanya mazoezi, lakini mechi ya ligi usiguse. Klabu ikichezesha asiyeruhusiwa hukatwa pointi, na hakuna atakayekupenda kwa hilo.

Pili, na hapa ndipo wengi wanaponaswa, ni viza. Viza ya mwanafunzi hairuhusu kuwa mwanamichezo wa kulipwa wala kocha wa kulipwa. Unaruhusiwa kucheza kama ridhaa, yaani kwa kujifurahisha, bila nia ya kupata riziki. Neno malipo huko ni pana: nyumba ya bure au bahasha ya nauli iliyonona inaweza kuhesabiwa. Tena, sheria za uhamiaji humtazama kama mwanamichezo wa kulipwa hata mtu aliyewakilisha nchi yake ndani ya miaka miwili iliyopita, zikiwemo timu za vijana. Kama umewahi kuitwa Lionesses, timu ya taifa ya wanawake, hivi karibuni, usikae kimya. Uliza ofisi ya wanafunzi wa kigeni ya chuo kabla hujavaa jezi ya klabu yoyote, na jibu lao ulipate kwa maandishi.

Chuo chenyewe kina timu, na mechi za vyuo huchezwa Jumatano alasiri. Klabu za wanawake katika jamii hucheza zaidi Jumapili. Ukiwa na mwili wa kustahimili, ratiba hazigongani. Ukiwa na kazi ya kuandika utafiti, zitagongana tu.

Njumu za huku zitafaa huko? — Msomaji, Lang'ata

Septemba na Oktoba, ndiyo. Kuanzia Novemba, hapana. Njumu za meno mafupi ya plastiki tunazovaa kwenye ardhi ngumu ya Nairobi hujaa tope huko na kuwa kama ndala. Nunua za meno ya chuma ya kufungua na kufunga. Urefu wa juu unaoruhusiwa ni milimita 21, na fowadi wa Januari huutumia wote. Beba meno ya akiba na bisibisi yake, kaza kabla ya kila mechi, na pitisha kidole: jino lililokwaruzwa na lami ya maegesho huota ukingo mkali, na refa atakurudisha chumbani. Vua njumu kabla ya kuvuka lami. Kukausha, jaza magazeti ndani, usiweke juu ya kipasha joto cha ukutani, ngozi hupasuka.

Nikitafuta matokeo napata timu za watu 13 na sheria nisizozijua. — Msomaji, Kariobangi

Umeandika "rugby league". Huo ni mchezo mwingine, uliojitenga 1895 kwa ugomvi wa kuwalipa wachezaji fidia ya kazi waliyokosa. Andika "rugby union" pamoja na jina la ligi, kama Regional 1 North East.

Klabu kubwa zinazofilisika huishia wapi? Wasps walikuwa mabingwa mara sita! — Shabiki mzee, Ngong Road

Mzee, huishia kule kwenye matope tunakokuzungumzia, zikibahatika. Worcester walisimamishwa Septemba 2022, Wasps wakafuata Oktoba, London Irish Juni 2023. Jersey Reds walifunga milango Septemba 2023, miezi michache tu baada ya kutwaa ubingwa wa daraja la pili. Kiini ni kile kile kila mara: mishahara mikubwa kuliko mapato ya mlangoni, na tajiri mmoja anayeziba pengo mpaka siku anayochoka.

London Welsh ndio mfano wetu. Walipanda Premiership, wakashuka, wakapanda tena 2014. Msimu wa 2014/15 walicheza mechi 22 za ligi na kupoteza zote 22. Miaka miwili baadaye kampuni ilivunjwa, na Septemba 2017 wakaanza upya daraja la tisa, kwenye uwanja wao wa zamani wa Old Deer Park. Richmond waliipitia njia hiyo mapema zaidi. Walikuwa Premiership, wakafilisika 1999, wakatupwa chini kabisa, wakarudi daraja la pili 2016, wakashuka, kisha wakatwaa ubingwa wa National 1 msimu wa 2024/25 na kupanda tena. Worcester nao walirudishwa daraja la pili kwa msimu wa 2025/26 bila kupitia njia hiyo ya chini, na ukienda kwenye baa ya klabu yoyote ya National 1 ukalitaja hilo, utakaa mpaka usiku.

Mpigaji wetu hapa Nairobi anafunga penalti kutoka mita 50. Akienda huko atatisha? — Nahodha, Embakasi

Atashangaa kwanza. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi na mpira unasafiri. Viwanja vingi vya Uingereza viko karibu na usawa wa bahari, hewa ni nzito zaidi, na Januari mpira umelowa maji. Mkwaju uliokuwa unavuka mlingoti wa chini kwa nafasi kubwa utaanguka mikononi mwa beki wa mwisho. Mguu wa kusimamia nao utateleza kwenye tope, maana hapo hakuna nyasi za kikuyu za kumshika. Afupishe hatua za kukimbilia mpira, aweke mguu wa kusimamia karibu kidogo zaidi na mpira, na wiki tatu za kwanza asiombe mkwaju wowote nje ya mita 40.